Shemeji analeta pikipiki ya matairi manne, ila njia ya bondeni naijua mimi

BARUA

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi mkoani Njombe. Mimi na mume wangu tuna ekari sita za parachichi aina ya Hass na ng'ombe wanne wa maziwa, wanaokamuliwa kwa sasa ni watatu. Nyumba na zizi viko juu kilimani, shamba liko bondeni, kama kilomita 1.8 kwa mguu. Katikati kuna kipande cha mita 400 hivi ambacho ni njia iliyochongwa ubavuni mwa kilima: mkono mmoja ukuta wa udongo, mkono mwingine korongo. Upana wake haufiki mita moja na nusu. Udongo wetu ni ule mwekundu. Mvua zikianza Novemba, hadi Mei njia hiyo ni kama imepakwa sabuni.

Kazi zetu ni hizi. Kila asubuhi lita 40 za maziwa ziende kituo cha kukusanyia, kilomita tatu kwa barabara ya moramu. Nazipeleka mimi, nikikosa bodaboda naenda kwa mguu mara mbili. Majani ya ng'ombe yanapanda kutoka bondeni kichwani kwangu na kwa msaidizi wangu. Samadi inashuka kwa mifuko. Msimu wa kuvuna ndiyo balaa: gari la mnunuzi linasimama barabarani juu, na siku moja tunapandisha hadi kreti 60 za kilo 20. Vijana wanalipwa kwa kreti, kwa hiyo wanakimbia, na matunda yanachubuka.

Mwaka huu tumeuza vizuri. Tukijumlisha na mgawo wangu wa VICOBA tuna milioni tisa na nusu, tukakubaliana kununua chombo. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Shemeji yangu anayeishi Uingereza amepata pikipiki ya matairi manne, Honda ya cc 420 ya mwaka 2014, na yuko tayari kulipa nusu ya bei. Sisi tubebe nusu nyingine, usafiri na ushuru. Mume wangu haambiliki. Anasema itavuta tela, itabeba maziwa, Jumapili itatupeleka kanisani sote, na watoto watajifunzia hapo. Kijana wetu ana miaka 14 na nimesikia ameshaanza kuendesha bodaboda za watu kwa siri. Binti ana 9, mdogo ana 5. Baba mkwe ana miaka 71, magoti yamekataa, hajashuka bondeni mwaka wa pili huu. Ameahidiwa kwamba atapakiwa nyuma akaone miti aliyotusaidia kupanda.

Mimi nilitaka guta la mota, yale ya matairi matatu yanayobeba maji na saruji mjini, au kirikuu iliyotumika, kile kigari kidogo cha mizigo. Nikasema hiyo ya matairi manne ni mchezo wa watalii. Nikajibiwa kwamba naogopa maendeleo na namdharau mdogo wake. Sasa mama mkwe naye ameingia. Wiki mbili tunakula meza moja, kila mtu na mawazo yake.

Shemeji anataka jibu mwisho wa mwezi kwa sababu muuzaji hangoji. Je, ni mimi ninayekosea? Na kama nikikataa, nikatae vipi bila kuonekana nimekataa ndugu?

Mama wa Bondeni


JIBU

Marahaba, dada yangu. Pole kwa hizo wiki mbili za mezani.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta jambo moja ambalo sikuliona: hakuna mahali mtu amekuuliza kama wewe ndiye utakayeendesha. Maziwa unapeleka wewe. Majani unabeba wewe. Kwa hesabu ya siku za mwaka, dereva mkuu wa chombo hiki ni wewe, na bado mjadala wote ni kati ya mume wako na mdogo wake, na kati ya Honda na guta. Naomba tuanzie hapo, kwa sababu chombo kinachofaa mwanaume wa kilo 80 anayekipanda Jumapili si lazima kimfae mama anayekipanda saa 12 asubuhi akiwa na keni mbili za maziwa na ukungu mbele yake.

Hata wewe nina la kukuuliza. Umesema ni mchezo wa watalii. Ni kweli huku kwetu wengi wameiona ufukweni au mbugani, ila kwa wafugaji wa kondoo wa New Zealand na Uingereza hiyo ni zana ya kazi, kama jembe lilivyo kwako. Honda anayoisema shemeji imeundwa kwa shamba: injini inapozwa kwa maji, nguvu inafika kwenye magurudumu kwa shafti badala ya cheni, na nyingi zina kitufe cha kuunganisha magurudumu yote manne. Upepo wa tairi zake ni mdogo sana, psi 4 hadi 5 hivi, ndiyo maana tairi hujilaza juu ya tope badala ya kulichimba. Kwa utelezi wenu hilo si jambo dogo. Kwa hiyo mume wako hajapotea njia. Alichokosea, nadhani, ni kukipa chombo kimoja kazi nne, na mbili kati ya hizo hakikuumbiwa.

Tuanze na ile anayoiota zaidi, ya kupakiana. Kiti cha pikipiki hii ni kirefu, mtu yeyote akikiona atasema ni cha wawili. Sicho. Ni kirefu ili dereva mmoja asogee: akipanda mlima ainamie mbele, akishuka akae nyuma, akipita ubavuni mwa kilima aegemeze mwili upande wa juu. Mwili wa dereva ndio mzani wa mashine. Ukimweka mtu nyuma yake, dereva hawezi tena kusogea, na uzito wa aliyepakiwa unakaa juu ya ekseli ya nyuma au nyuma yake. Kwenye mlima, mbele kunanyanyuka. Honda hiyo ina kilo zaidi ya 250. Ikipinduka kwa nyuma au kwa ubavu haimrushi mtu tu, inamlalia, na wengi wanaokufa hukosa pumzi chini yake hata kama hawakuvunjika mfupa. Zipo zilizotengenezwa kwa watu wawili, zenye mwili mrefu zaidi na kiti cha pili chenye mgongo na vishikio, lakini 420 ya kawaida haimo katika hizo. Tafuteni kibandiko kwenye bodi: kina picha ya watu wawili iliyokatwa kwa mstari.

Ndiyo sababu Australia, baada ya vifo vingi mashambani, iliweka kanuni mpya mwaka 2019. Tangu Oktoba 2021 kila pikipiki mpya ya aina hii inayouzwa huko kwa matumizi ya shamba lazima iwe na kizuizi cha kumlinda dereva ikipinduka, na ifaulu kipimo cha kutoyumba. Kampuni kadhaa kubwa ziliacha kuziuza nchini humo badala ya kukubali masharti hayo. Sikuambii haya nikutishe. Nakuambia ili ujue kwamba wasiwasi wako juu ya mzee wa miaka 71 kupakiwa nyuma kwenye njia yenye korongo si woga wa maendeleo.

Sasa mizigo, maana hapo ndipo hesabu huwa rafiki.

Maziwa lita 40 ni kilo 41 hivi, pamoja na keni mbili tuseme 48. Keria ya nyuma ya 420 imeandikiwa kilo 60 na ya mbele kilo 30. Kwa hiyo maziwa yanakaa bila shida, mradi keni zifungwe chini na kwa upana, moja kila upande, kwa mikanda ya kukaza. Kamba ya manila hulegea kwa mtikisiko. Keni ijae. Keni nusu huchezesha maziwa, na kwenye kona mzigo unaocheza ni mbaya kuliko mzigo mzito uliotulia.

Mavuno ni hadithi nyingine. Kreti yenye kilo 20 za matunda ina kama 22 na plastiki yake. Kwenye keria zinaenda tatu: mbili nyuma, moja mbele. Kreti 60 ni safari 20, yaani kilomita 72 kwa siku kwenye njia ile. Haiwezekani. Kwa hiyo bila tela hamna mnachonunua. Honda 420 imeandikiwa kuvuta kilo 385, na ndani ya hizo kuna uzito wa tela lenyewe. Tela la chuma la fundi wa mtaani halipungui kilo 80 au 90. Zinabaki 300, kreti 13, safari tano. Hapo ni sawa kabisa, ila ni kwenye tambarare. Kwenye mlima wenu nisingezidisha kreti nane, na hapo ni safari nane.

Tela nalo lina tabia zake. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli yake, tela hunyanyua mkia wa pikipiki na magurudumu ya nyuma hukosa mshiko. Ukikaa mbele mno, usukani unakuwa mwepesi. Panga ili kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa tela ibonyee kwenye ndoano. Wakati wa kushuka na samadi, tela lisilo na breki linakusukuma, na ukikanyaga breki kwenye utelezi linakuja ubavuni mwako. Hapo dawa ni gia ndogo kabla hujaanza kushuka, injini ikushikilie, si breki. Hii ni sababu moja ya kuikubali Honda ya gia na kuzikataa zile za bei nafuu za cc 150 zenye mkanda mnazoweza kuonyeshwa dukani: nyingi zikipunguziwa mafuta kwenye mteremko, klachi inaachia na mashine inateleza kama baiskeli.

Ili msibishane juu ya neno "mlima", pimeni. Chukueni ubao ulionyooka wa mita 2 na pima maji ya mwashi. Laza ubao kwenye njia kuelekea chini, ncha ya juu iguse ardhi, nyanyua ncha ya chini mpaka kipovu kikae katikati, kisha pima kutoka ncha hiyo hadi ardhini. Sentimita 54 ni nyuzi 15. Sentimita 93 ni nyuzi 25. Watengenezaji kadhaa huweka nyuzi 25 kama ukomo wa mashine isiyovuta kitu, na 15 ikiwa inavuta tela. Pimeni sehemu tano za ile njia, hasa kwenye kona. Pimeni pia mlalo wa upande, kuelekea korongo. Ukiona njia imeinamia korongo, chombo chochote kina shida hapo, hata hilo guta lako.

Na guta lako tulizungumze, maana nahisi umelipenda kwa kuliona mjini. Kwenye barabara ya moramu ya kwenda kituo cha maziwa linafaa sana. Fundi yeyote wa bodaboda analijua, plagi, klachi na cheni vinapatikana Njombe mjini siku hiyohiyo, na mafuta linakunywa kidogo. Lakini gurudumu la mbele ni moja na liko katikati. Njia ya shamba ina mitaro miwili ya tairi na tuta la majani katikati. Gurudumu hilo linapita juu ya tuta, na wakati wa mvua tuta ndilo lenye utelezi zaidi. Ukipanda mlima na mzigo mzito nyuma, mbele kunakuwa kwepesi, unakata usukani na guta halikati. Ukikunja kona ya kushuka kwa kasi, linalalia upande uleule lisikokuwa na gurudumu. Nguvu inakwenda nyuma tu, tairi moja likikanyaga tope hilo ndilo linalozunguka bure. Kiangazi linaweza kushuka bondeni na kupanda na kreti 10. Kuanzia Desemba litabaki nyumbani, na mavuno yenu mengine yataangukia humo kwenye mvua.

Kirikuu imetulia kuliko zote. Ina breki za kweli, ina paa, baba mkwe atakaa kitini na kufunga mkanda, na sanduku lake limeandikiwa kilo 350, yaani kreti 15, safari nne. Ukitafuta ya 4WD, yaani inayosukumwa na magurudumu yote manne, tazama kama kuna kitufe au mti wa pili wa gia pembeni mwa ule mkubwa, na uijaribu kabla ya kulipa; zipo nyingi ambazo shafti ya mbele ilishang'olewa zamani. Shida ni njia yako. Za miaka ya tisini zina upana wa karibu mita 1.4, za baadaye karibu 1.48. Kwenye njia isiyofika mita 1.5 yenye korongo, hiyo si nafasi. Honda ina kama mita 1.2 na magurudumu yake, nayo inaacha kiganja na nusu kila upande.

Hapo ndipo nataka nikuulize swali ambalo halimo kwenye barua: mmefikiria kununua njia kabla ya kununua chombo?

Mita 400 kupanuliwa hadi mita 2.2 au 2.5 ni kazi ya vibarua na sururu, si ya katapila. Chimbeni upande wa ukuta, na msiutegemee udongo huo uliomwagwa kuelekea korongoni kwa kubeba tairi. Udongo wa kujaza unakatika mvua ya kwanza. Njia iinamishwe kidogo kuelekea ukutani, mfereji uwe hukohuko, na kila mita 20 au 30 kuwe na kinga maji iliyokatwa mshazari, ya magogo au mawe, ili maji yasipate kukimbia njia nzima. Kwenye zile kona mbili tatu zinazoteleza, mwageni moramu yenye mawe na kuishindilia. Bila mfereji, moramu yote itakuwa bondeni ifikapo Februari. Fanyeni kazi hiyo Julai au Agosti. Njia ikishakuwa hivyo, kila chombo kinakuwa salama zaidi, na kirikuu inaingia kwenye orodha. Isipofanyika, orodha yenu ina kitu kimoja tu kinachopita mwaka mzima, nacho ni hicho cha shemeji, kikiwa na dereva mmoja, bila abiria.

Unaona sasa kwa nini siwezi kukuambia fulani amekosea.

Tuseme mnaelekea kuikubali Honda. Yapo ya kumuomba shemeji kabla hajalipa hata pauni moja. Kwanza, nyaraka. Wizi wa pikipiki hizi mashambani Uingereza ni mkubwa kiasi kwamba mwaka 2023 ilitungwa sheria kwa ajili ya kuukabili, ya kuipa serikali uwezo wa kutaka zinazouzwa mpya ziwekewe vifaa vya kuzuia kuwashwa na alama za kutambulika. Apige picha namba ya chesi iliyogongwa kwenye fremu, alinganishe na karatasi, na kama namba imekwaruzwa au imechomelewa, aondoke, hata bei ikiwa ya kutupa. Pili, aiwashe ikiwa ya baridi. Moshi wa bluu ni ringi au seal za valvu. Afungue kifuniko cha oili ya injini na cha difu ya nyuma: rangi ya maziwa ni maji yameingia. Anyanyue mbele na kutikisa kila gurudumu juu na chini. Mchezo ni beringi au boljointi. Atazame mipira ya shafti za mbele, ikipasuka tope linakula jointi kwa miezi michache. Afungue boksi la kichujio cha hewa. Akikuta vumbi ndani upande wa injini, hiyo injini imekula mchanga. Breki ya nyuma mara nyingi ni dramu, na hapo ndipo tope la Uingereza hujificha.

Aje na vipuri ndani ya kasha lilelile, kwa sababu huku vya 420 vinaagizwa: vichujio vitatu vya oili na kimoja cha hewa, seti mbili za viatu vya breki, mipira ya shafti, keble ya mafuta, na tairi mbili za akiba. Aweke pia geji ya upepo ya psi ndogo. Geji ya fundi wa tairi huanzia kwenye namba ambazo tairi hizi hazifiki, na mtu akikujazia psi 20 mashine itadunda kama mpira. Na kama ataweza, anunue kizuizi cha nyuma cha kumlinda dereva kilichopimwa, kinachofungwa kwa bolti. Msichomelee bomba la fundi wa mageti mkadhani ni kilekile. Bomba likikunjika vibaya ndilo litakalombana mtu.

Ushuru nao mpigiwe hesabu na wakala wa forodha kabla ya meli, si baada. Ushuru wa 25% hupigwa kwenye bei pamoja na usafiri na bima, kisha VAT ya 18% juu ya jumla hiyo. Kwa kila milioni 1, hizo mbili peke yake ni shilingi 475,000, na bado kuna tozo nyingine, pamoja na ushuru wa ziada kwa vyombo vilivyochakaa umri. Hapohapo muulizeni wakala habari ya usajili na bima, maana barabara ya kwenda kituo cha maziwa ni ya umma. Ongezeni tela, kofia ngumu na ile kazi ya njia, ndipo muone kama milioni tisa na nusu bado zinatosha.

Kuhusu watoto, nitasema polepole kwa sababu najua hamu yao. Marekani na Australia, watengenezaji wenyewe wanaweka miaka 16 kwa mashine ya ukubwa huu. Kijana wa miaka 14 anaweza kuwa na akili ya kuendesha, lakini hana kilo za kuihamisha mashine ya kilo 250 inapoanza kulala. Usiku mwingine atachukua ufunguo, kama alivyofanya na bodaboda, kwa hiyo ufunguo ukae kwako. Ila kumnyima kila kitu nako kutamrudisha kwa bodaboda za watu, tena barabarani. Anaweza kufundishwa sasa kazi zinazozunguka mashine: kupima upepo, kubadili oili, kupanga na kufunga mzigo, kusoma njia kwa mguu. Zipo ndogo za watoto zenye skrubu ya kuzuia mafuta na kamba ya kuzimia, lakini hicho ni chombo cha pili na fedha za pili. Binti na mdogo wasipakiwe kwenye keria wala kwenye tela, hata kwa mita 50 za uani. Kwa kanisani, dada, hakuna kati ya vyombo hivi vitatu kinachobeba watu sita. Kirikuu yenyewe ina viti viwili. Hiyo ndoto ya Jumapili iondoeni mezani mkiwa pamoja, mtaona mjadala umepoa nusu.

Sasa undugu. Sidhani shemeji yako ameleta pikipiki. Ameleta heshima yake kwa kaka yake na wazazi wake kutoka mbali. Ukisema "hatuitaki", hicho ndicho kitakachosikika. Mnaweza kumwandikia ninyi wawili, sahihi mbili, mkamshukuru na kumtumia vipimo: upana wa njia, nyuzi za mlima, kilo za kreti, na maswali niliyoyataja. Muulize yeye, kwa kuwa anaona wakulima wa huko wakizitumia, angefanyaje kwenye njia kama hii. Anaweza kusema leteni picha, tusubiri. Anaweza kusema mchango wake uende kwenye njia na kirikuu. Anaweza kushikilia Honda, na ikawa sawa, kila mtu akijua mipaka yake. Hatari ya kusubiri ni kwamba hii moja itauzwa kwa mwingine. Hatari ya kukimbilia ni kufunga fedha za VICOBA zako kwenye chombo ambacho wewe hukukipanda hata mara moja.

Mama mkwe na baba mkwe wanahitaji jibu lao, na halihusiani na injini. Mzee anataka kuiona miti. Njia ikikauka Julai, guta la kukodi lenye dereva mtulivu, mzee ameketi chini kwenye godoro katikati ya sanduku na mtu pembeni yake, na pale kwenye mita 400 ateremke avuke kwa fimbo na mkono wa mwanawe. Si safari ya kifahari, ila inaweza kufanyika mwaka huu hata kama hamjanunua kitu.

Kabla ya mwisho wa mwezi mna muda wa kufanya mambo mawili ya bei ndogo. Kodini guta kwa siku moja ya kazi, nawe uendeshe kwenye uwanja na kwenye barabara ya maziwa. Na mtafute mahali penye pikipiki ya matairi manne, ya kambi ya watalii au ya shamba kubwa, mlipie saa moja, apande mume wako, kisha upande wewe. Muombe mwenye nayo akuwekee ndoo mbili za maji kwenye keria ya nyuma. Kidole gumba chako cha kulia kitafanya kazi yote ya mafuta. Baada ya dakika 20 kitauma, na utajua kama ni maumivu ya kuzoea au ya kukataa. Mume wako naye aione sura yako ukiwa juu ya kile chombo. Mazungumzo yenu ya jioni ile yatakuwa tofauti na ya wiki hizi mbili.